Kiapo cha Baba Mdogo

Baba mdogo hakuruhusu neno yatima litamkwe nyumbani kwake. Siku moja jirani alituletea maboga, akasema ameyaleta kwa ajili ya mayatima. Baba mdogo aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamwuliza kwa upole, "Hao mayatima wanakaa nyumba gani, niwapelekee?" Jirani alicheka kwa aibu, na maboga tukayala jioni ile ile.

Tulikuwa wanne. Mimi ndiye binti mkubwa, akafuata mdogo wangu wa kiume, kisha wasichana wawili wadogo. Mama yetu, mtu wa Bungu kule milimani, alifariki siku alipomzaa kitinda mimba. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilirudi kutoka maziko nikafunga mtoto mgongoni, na shule ikaishia hapo. Hakuna aliyeniambia niache, wala hakuna aliyeniuliza. Mtoto alikuwa analia, na mgongo uliokuwepo ulikuwa wangu.

Baba alikuwa mzaliwa wa Kwedizinga, lakini alifanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, nasi tukaishi naye kambini. Hii ilikuwa miaka ya baada ya vita kubwa, Waingereza wakiwa bado wanatutawala. Kazi ya baba ilikuwa kusukuma toroli kwenye reli ndogo, kutoa majani ya mkonge kule yanakokatwa na kuyafikisha kwenye mashine ya kuyasaga, ambayo sote tuliiita korona. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo. Asubuhi alitoka kabla hatujaamka, ila kila mara alipita kutufunika shuka miguuni, na mimi nilijifanya nimelala ili anifunike.

Asubuhi moja toroli lililojaa mkonge liliacha reli kwenye mteremko, likamwangukia. Walimbeba hadi hospitali ya shamba, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Alizikwa siku hiyo hiyo.

Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alifika akakuta udongo bado mbichi. Alikaa kando ya kaburi mpaka jua lilipoanza kushuka. Kisha alikuja kambini akatazama vitu vyetu, akavifunga kwenye mkeka, akambeba kitinda mimba mabegani. Safari ya kwenda Kwedizinga tulitembea sehemu kubwa kwa miguu. Tuliokutana nao njiani walimsalimu na kumwuliza anatoka wapi na msafara wote ule. Naye alimjibu kila mmoja vilevile: "Korogwe. Nilifuata wanangu."

Yeye na mkewe walikuwa wameoana zamani, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kijijini watu walikuwa wameshachoka hata kulisema jambo hilo. Mama mdogo alitupokea mlangoni akatushika vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua nazi sokoni. "Huyu ana njaa," akasema. "Huyu ana usingizi. Huyu mkubwa ana vyote viwili na hasemi." Tangu siku ile sikumwita mama mdogo. Nilimwita mama. Hapa naandika mama mdogo ili msomaji asichanganyikiwe, lakini midomo yangu haijazoea.

Kitinda mimba, ambaye baba alimwacha akiwa mdogo sana, alimwita baba mdogo tate, kama Wazigua wanavyomwita baba. Hakufundishwa na mtu. Mara ya kwanza alipoita, baba mdogo alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakugeuka. Aliendelea kuchonga mpaka mpini ukawa mwembamba mno, ukabidi atafute mti mwingine.

Baada ya matanga tarishi wa jumbe alileta habari kwamba ndugu wa marehemu anatakiwa Boma, Korogwe. Baba mdogo alivaa kanzu yake akaenda peke yake. Alirudi na sukari na doti ya khanga kwa mkewe, akatueleza yaliyotokea, sote tukiwa tumekaa chini tukimenya mihogo.

"Waliniuliza marehemu alizikwa na nani. Nikasema walimzika wenzake, mimi nilichelewa. Wakanipa fedha za sanda na matanga. Kisha karani akaniuliza kama marehemu ameacha watoto wasio na mtu."

"Ukasemaje?" mkewe akamwuliza.

"Nikasema watoto wana baba yao. Ndiye mimi niliyesimama hapa. Watoto ni wangu. Akaandika."

Mama mdogo alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mdogo wangu wa kiume alitabasamu akiwa ameinamia mhogo wake. Nami nilifurahi. Nataka hilo lieleweke. Kwetu ndugu wa baba hachukui watoto kama anayechukua mzigo wa mtu mwingine. Anaingia mahali pa ndugu yake na mahali hapo panakuwa pake. Mtu mzima aliyeulizwa mbele ya watu kama watoto wa kaka yake wana mwenyewe, akajibu vingine, angetazamwa vipi alipokuwa anarudi kijijini? Baba mdogo alijibu kama mwanamume wa kwetu anavyojibu, na siku ile tulilala tukijua tuna baba.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha kwetu Handeni. Mahindi yalifika magotini yakakauka. Watu waliingia porini kuchimba mizizi ile inayotakiwa kulowekwa siku nyingi kwanza ndipo isikudhuru. Mama mdogo aligawa chakula akitusimulia vichekesho ili tusitazame sufuria, naye alikula mwisho, siku nyingine akisema tumbo lake halimruhusu.

Mjomba wetu, kaka wa mama, alikuwa ameshatuahidi. Alipokuja kwenye arobaini ya baba alisema mvua zisiponyesha atashuka kutoka Bungu awachukue wale wasichana wawili. Kule kuna maji na migomba. Mmoja angekaa kwake, mwingine kwa dada yake, ng'ambo ya bonde. Hakusema kwa ubaya. Mjomba ana haki kwa watoto wa dada yake, na alikuwa anatuonea huruma. Sasa alituma salamu kwamba atakuja mwezi ukiandama.

Mimi nilimlea yule mdogo tangu siku aliyozaliwa. Nilijua anavyolala, mkono mmoja sikioni. Sikumwambia mtu neno, ila nilianza kusuka mikeka mchana kutwa, nikiamini kwamba nikisuka mingi ya kutosha mjomba atakuta tuna chakula na atarudi mikono mitupu. Nilikuwa mtoto bado. Mikeka haikununuliwa na mtu, kwa sababu kila nyumba ilikuwa inasuka.

Niliipeleka Segera, kwenye njia panda, ambako malori yalisimama. Pale nilimkuta mama mmoja aliyekuwa jirani yetu kambini, Mbena, mwanamke mnene wa maneno mengi. Mumewe aliuawa na ile mashine ya korona miezi michache kabla ya baba yetu. Alikuwa anauza maandazi na chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Mbona umekonda hivi? Kwani fidia mnainunulia ukindu?"

Nilimwambia sijui anasema nini.

"Fidia ya baba yako. Ya Boma." Alinitazama, akaacha kumimina chai. "Hamjaitwa?"

"Baba mdogo aliitwa. Alipewa ya sanda."

"Ya sanda!" Aligeuka kumhudumia dereva, kisha akarudi akakaa karibu yangu. "Sikiliza. Zamani mtu akifa shambani, meneja akifurahi alikupa blanketi na gunia la unga. Akinuna, alikupa nauli ya kwenda kwenu. Sasa serikali imetunga sheria. Mtu akiumia kazini au akifa, shamba lazima lilipe, na meneja hatoi kama sadaka. Mashamba yanalipa bima kila mwaka, aumie mtu asiumie, ili siku ya siku meneja asije akasema mkonge haukupata bei. Na fedha hazipitii mkononi kwa meneja. Zinakwenda Boma, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anawagawia wale waliokuwa wakila kwa jasho la marehemu. Mimi nachukua kila mwezi. Hii birika unafikiri niliokota?"

"Sisi tulikuwa tunakula kwa jasho lake," nikasema.

"Basi nani aliwaambia hakuwa na watoto?"

Nilikumbuka maneno ya baba mdogo kwa karani, kwamba watoto ni wake. Nilikuwa nimeshajua. Alinifungia maandazi kwenye jani la mgomba, akakataa mkeka niliompa, halafu akabadili mawazo akauchukua, akasema nisije nikafikiri ananihurumia.

Nilipofika nyumbani nilingoja baba mdogo amalize kula. Nilimweleza yote. Hakunikatiza.

"Kwa hiyo wanataka nini?" akauliza mwishoni.

"Wanataka kusikia kwamba sisi ni watoto wa marehemu."

"Na mimi?"

"Wewe useme si wako."

Alisogeza sahani kando. "Unajua wanavyosemesha watu pale? Unawekewa Msahafu. Nimewaona. Unataka niweke mkono juu ya Msahafu nimkane mtoto?"

Mama mdogo akasema, "Mume wangu, mwezi unakaribia kuandama."

"Najua."

"Shemeji yako wa Bungu haji na mikono mitupu. Anakuja na kikapu cha kubebea mtoto."

"Najua, mke wangu. Nimesema najua."

Alitoka akaenda kuketi kwenye zizi tupu la mbuzi. Kumkana mtoto kwa kiapo, kwetu, ni jambo ambalo watu waliamini linamfuata mtoto mwenyewe: atadhoofu, atapotea, hatasikilizwa na mtu. Baba mdogo aliamini hivyo, na alituogopea sisi zaidi ya alivyoona aibu. Nilimfuata. Nilikaa karibu yake, naye akaniuliza:

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Sijui, baba. Mimi sitaki wale wawili waende."

"Hata mimi sitaki." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Kesho ufue kanzu yangu."

Tulikwenda sote. Kwa miguu hadi Segera, kisha dereva mmoja alitupandisha juu ya magunia hadi Korogwe. Bomani kulikuwa na baraza refu lenye benchi, na watu wengi wakingoja. Baba mdogo alitafuta bomba la maji akatia udhu taratibu, akaosha miguu yake yenye vumbi mpaka vidole vikang'aa. Kisha tuliitwa.

Bwana Shauri alikuwa kijana, mwekundu wa jua, akisema Kiswahili cha kuchagua neno moja moja. Kando yake alikaa karani wa Boma, na upande mwingine karani aliyetumwa na shamba, mtu wa suruali iliyopigwa pasi vizuri.

"Mara ya kwanza ulisema marehemu hakuacha watoto," Bwana Shauri akamwambia baba mdogo.

"Sikusema hivyo, bwana."

"Ulisema watoto ni wako."

"Hilo nilisema."

"Leo unasema ni wa marehemu."

Karani wa shamba alicheka kidogo. "Bwana, hawa wakisikia neno fidia, watoto huota kama uyoga."

Baba mdogo alimgeukia bila hasira. "Ingekuwa huota hivyo, bwana karani, mimi na mke wangu tusingengoja miaka yote hii."

Karani wa Boma, ambaye alikuwa mtu wa makamo na nadhani ni wa huku huku kwetu, aliinama akamwambia Bwana Shauri maneno kwa Kiingereza, taratibu, akionyesha kwa mkono, mara kwa baba mdogo, mara kwetu. Nadhani alikuwa anamweleza jinsi udugu unavyokwenda kwetu. Bwana Shauri alisikiliza hadi mwisho.

"Utaapa?" akauliza.

"Nitaapa."

Msahafu uliletwa umefungwa kitambaa cheupe. Baba mdogo aliweka mkono juu yake. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua kitu kizito peke yake.

"Wallahi, watoto hawa wanne sikuwazaa mimi. Aliwazaa kaka yangu, tumbo moja na mimi. Chakula chao kilitoka mkononi mwake mpaka asubuhi ile toroli lilipomwangukia."

"Kwa hiyo si watoto wako," Bwana Shauri akasema.

"Bwana, nimeapa kuhusu aliyewazaa na aliyewalisha. Sheria yako inauliza hayo mawili. La tatu usiniapishe, nakuomba."

Bwana Shauri alimtazama. Nilidhani atakasirika. Aligeuka akanitazama mimi.

"Wewe mkubwa. Nani alikuwa akikulisha?"

"Baba, bwana."

"Baba yupi?"

"Yule aliyeangukiwa na toroli."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jambo hilo mbele ya watu. Sauti ilitoka, lakini macho niliyapeleka sakafuni, maana nilijua baba mdogo amesimama karibu na amesikia nimemchagua mwingine. Ndipo karani wa shamba akasema, kwa sauti ya chini tofauti na ile ya mwanzo, kwamba sasa amenikumbuka. Alikuwa akiniona nikipita ofisini kwao na sufuria ya chakula, mtoto mgongoni. Sikumpenda mtu yule, lakini alisema kweli na sijamsahau kwa hilo.

Bwana Shauri akamwambia karani, "Andika."

Kitinda mimba alikuwa amechoka kusimama. Alishika kanzu ya baba mdogo, akaivuta. "Tate, tunakwenda?"

Neno hilo hata Mwingereza alilielewa, nadhani. Alikohoa, akajishughulisha na kalamu yake. Baba mdogo alimnyanyua mtoto akampakata, mbele ya makarani na mbele ya serikali nzima, na hakuna aliyemwambia amweke chini.

Uamuzi ulikuja baadaye kidogo. Shamba lililipa Boma, na Boma ikatunza. Kila mwezi baba mdogo alikuwa anakwenda Korogwe kupokea ya matumizi yetu, mpaka yule mdogo akue. Haikuwa utajiri. Ilikuwa unga, chumvi, mafuta ya taa, na ada ya mdogo wangu wa kiume, ambaye alirudi darasani akasoma kuliko sisi sote. Nimeishi kuziona sheria nyingi zikija na kuondoka, nyingine sikujua zilikuwa za nani. Ile niliijua. Ilikuja kwa watu ambao hawakuijua, ikawauliza swali ambalo kwao lilikuwa tusi, na pamoja na hayo yote ilitulisha. Sijui waliokaa wakaitunga walikuwa wanafikiri watoto wa namna gani. Sidhani walituona sisi, lakini sisi tulikula.

Siku ile tuliyotoka Bomani, baba mdogo alinigeukia tulipokuwa juu ya lori. Upepo ulikuwa mkali, na wadogo zangu walilala juu ya magunia.

"Uliposema yule aliyeangukiwa na toroli," akaanza.

"Nisamehe, baba."

"Usiombe msamaha. Nilifurahi. Nilikuwa naogopa umeshaanza kumsahau, kwa ajili yangu."

Nilimwambia sijamsahau. Nilimweleza jinsi alivyokuwa akitufunika miguu asubuhi, nami nikijifanya nimelala. Baba mdogo alicheka, akasema kaka yake alifanya hivyo hivyo kwake walipokuwa wadogo, na yeye pia alijifanya amelala. Tulikaa tukizungumza habari zake mpaka Segera. Tangu kifo chake tulikuwa hatujamzungumza hata siku moja, kila mmoja akimwogopea mwenzake.

Mwezi uliandama, mjomba akaja na kikapu chake, ndani yake ndizi na maharage ya Bungu. Mama mdogo alimwambia akae kwanza ale. Baada ya kula alielezwa. Alisikiliza akichokonoa meno, kisha akauliza kama ni kweli serikali italipa kila mwezi, na baba mdogo akamwambia ni kweli.

"Basi nashukuru," mjomba akasema. "Nina saba wangu, shemeji. Nilikuwa nakuja, lakini njia nzima nilikuwa najiuliza nitawalaza wapi."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ni watoto wa dada yangu."

Walitazamana wanaume wawili wale, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mama mdogo akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Asubuhi tulimsindikiza sote wanne, kikapu kikiwa na kuku aliyepewa na mama mdogo. Yule mdogo alishika kidole cha mjomba njia nzima, kwa kuwa alimpenda. Tulipofika barabara kubwa mjomba alisimama, akakitoa kidole chake mkononi mwa mtoto.

"Haya," akasema. "Rudini kwa baba yenu."

Tukarudi.